Jiwe la Washairi wa Pemba

Wapo wenzetu wanaodai kwamba kuipa fasihi ukumbusho katika bustani ya umma ni anasa ya Wazungu. Sisi hatukubali. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina maneno ya Kiingereza yaliyotungwa na Rudyard Kipling, msifu wa dola ya Uingereza. Huyo amepata jiwe katikati ya mji wetu, wala hatujasikia mtu akilalamikia anasa. Inapotajwa Pemba ya Kamange na Sarahani, ndipo tunapoambiwa fedha hazitoshi!

Hebu tuwatazame Waholanzi. Mwaka 1860 Eduard Douwes Dekker, aliyejiita Multatuli, alitoa riwaya ya Max Havelaar, akafichua jinsi wakulima wa Java walivyodhulumiwa chini ya utawala wa taifa lake mwenyewe. Mwaka 1987 sanamu yake ilizinduliwa kwenye daraja la Torensluis, Amsterdam. Wamemweka hadharani mtu aliyewasuta. Habari hii inamgusa Mpemba kuliko anavyodhani, kwani asili ya mkarafuu wake ni visiwa vya Maluku, ambako katika karne ya 17 kampuni ya Kiholanzi iliifyeka mikarafuu ya wenyeji ili biashara ibaki mikononi mwake.

Hata hivyo, hatusemi tuige. Waislamu wengi wa Pemba hawaridhii sanamu ya binadamu, na anayetaka kuwapelekea mtu wa shaba mwenye kilemba hajui anazungumza na nani. Lakini hoja hiyo haiuui ukumbusho. Ras Mkumbuu yapo makaburi ya kale yenye nguzo za mawe, yasiyo na sura ya mtu hata moja, na mafundi wa milango ya pwani wamechonga maua na maandishi kwa vizazi vingi. Basi na isimamishwe nguzo, zichongwe beti.

Tungo za washairi hao wawili zilichapishwa katika Kale ya Washairi wa Pemba mwaka 2011, miongo mingi baada ya wenyewe kufariki. Ni ngapi zilizikwa pamoja na wazee waliozihifadhi? Mahali tunapopataja ni Tibirinzi, Chake Chake, watoto wanakojaa siku za Idi. Na kabla ya kuitwa mkandarasi, waalimu wa Wete na Micheweni wawatume wanafunzi kwa wazee wao, na daftari mkononi.