Kumtafuta Babu wa Babu

Mwezi huu nitazungumza na kijana mmoja wa Raskazone aliyetuletea barua, na nadhani kwa kumjibu yeye nitakuwa nimewajibu wengi. Asema amekusudia kuandika nasaba ya nyumba yao, naye amefika kwa babu wa babu yake akakwama. Jina analo moja tu, halina jina la baba. Auliza kama mzee huyo ataonekana katika vitabu vya sensa, na kama hayumo, basi katika mawe ya makaburi. Mwisho kabisa, kwa maneno machache, aeleza kwamba shangazi yake, ambaye sasa ndiye mkubwa wa nyumba, kila akiulizwa habari hizi hugeuza mazungumzo.

Nianze na sensa. Huko Uingereza karatasi zilizojazwa mwaka 1921 zilifunguliwa Januari 2022, baada ya miaka 100, na mtu aweza kumwona bibi yake ameandikwa kwa jina, umri na kazi. Kwetu sivyo. Tanganyika ilihesabu watu mwaka 1921, 1931, 1948 na 1957, lakini vitabu vilivyochapishwa ni vya jumla: wanaume idadi hii, wanawake idadi hii, kabila fulani katika wilaya fulani. Majina hayamo. Na katika sensa za siku hizi, habari za mtu mmoja mmoja ni siri kwa Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015.

Hata kabila lililoandikwa zamani lisikughuri. Tazama Unguja na Pemba: katika sensa ya mwaka 1924 watu kwa maelfu waliandikwa kuwa Waswahili, ilipofika mwaka 1931 Waswahili walikuwa wamepungua mno, na Washirazi wamezidi. Watu hawakufa wala hawakuhama. Wajukuu na babu zao walikuwa wale wale, ila kila mtu alitaja jina alilopenda kuitwa mbele ya karani. Kitabu cha namna hiyo chakuonyesha watu walitaka kuwa nani, jambo ambalo si dogo, lakini si nasaba.

Na makaburi je? Mtume (S.A.W.) alikataza kuyapaka makaburi chokaa na kuyajengea, na kwa hiyo wazee wetu wengi wamelala chini ya mawe mawili tu, moja kichwani na moja miguuni, yasiyo na herufi hata moja. Yapo makaburi makubwa ya kale Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, yenye nguzo na mapambo, kandokando ya msikiti uliobomoka. Msafiri Mwingereza Burton alipofika huko mwaka 1857 alionyeshwa kigae chenye maandishi ya Kiajemi. Lakini kigae huletwa na jahazi kama bidhaa nyingine, nami nimesikia watu wakikifanya ushahidi kwamba wao asili yao ni Shirazi! Makaburi ya Tongoni, kwa sehemu kubwa, hayakutaja mtu.

Hata hivyo jiwe lisilo na jina si bubu. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliweka jiwe kichwani pa kaburi la Uthman bin Madh'un ili alitambue, na azike karibu naye watakaokufa katika jamaa zake. Basi na wazee wetu wamefuata hivyo: jamaa huzikwa pamoja. Anayejua kaburi la bibi yake, na aangalie ni yapi yaliyo ubavuni pake.

Lakini pengine kaburi halipo kabisa. Kijana wetu anaishi pale pale waliposhuka askari wa Kiingereza na Kihindi mwezi wa Novemba 1914, kuja kupigana na Wajerumani. Maiti wengi wa vita ile wana makaburi au majina yaliyochongwa. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya majeshi yote mawili mpaka mwaka 1918 walikufa kwa maelfu mengi kwa maradhi na njaa, nao wengi hawakuandikwa popote. Mwezi wa Aprili 2021 Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri jambo hilo na kuomba radhi. Ikiwa kwenu husemwa kwamba mzee alikwenda vitani asirudi, usimtafute katika mawe.

Karatasi ziko, lakini kwingine. Fungueni masanduku ya nyumbani: hati za ndoa, za wakfu, za shamba la minazi, aghlabu kwa herufi za Kiarabu. Katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, yamehifadhiwa majalada ya Kijerumani. Na gazeti la Kiongozi, lililotolewa hapa Tanga kabla ya vita ile, lilichapa habari za watu wa miji yetu.

Sasa nije kwa shangazi. Sijui anaficha nini, na huenda hafichi neno. Lakini jina moja lisilo na baba, katika pwani hii, mara nyingi ni jina la mtu aliyeletwa kutoka bara angali mtoto, akauzwa. Wajerumani walitoa amri kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa tangu mwaka 1906 ni huru. Utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria mwaka 1922 tu. Shangazi yako amelelewa na watu waliouona, tena na jirani waliokuwa wakinong'ona.

Basi ukikuta hivyo, usimtafutie mzee wako baba wa bandia. Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, imeamrisha watu waitwe kwa baba zao, na kama baba hawajulikani, basi ni ndugu zetu katika dini. Aya hiyo ilimhusu Zayd bin Haritha, aliyetekwa utotoni na kuuzwa sokoni; na miongoni mwa masahaba ni yeye peke yake ambaye jina lake limetajwa katika Qurani. Andika katika daftari: fulani, baba yake hajulikani. Hapo nasaba yako itakuwa kamili kadiri ya ukweli.

Kwa shangazi usiende na daftari. Nenda baada ya Alasiri, ukae, umpashe habari za watoto. Kisha mwulize jambo lisilo zito: zamani, Ramadhani ilipokaribia, ni nani aliyekuwa akienda kuyafagia makaburi, naye alianza na lipi.