Bi Harusi, Kwenye Begi Umetia Achari?



Mwezi uliopita tuliletewa picha kwenye simu na bi harusi wetu mmoja aliyeolewa Uingereza. Ni picha ya gauni la satini, rangi ya krimu, tulilolishona wiki tatu, shanga tukazitunga kwa mkono usiku baada ya kuwalaza watoto. Kifuani pana doa la manjano, kubwa mfano wa kisahani. Chupa ya achari ya embe ilipasukia ndani ya begi, mafuta yakapita mifuko miwili ya plastiki, taulo na mtandio, yakaenda kukaa pale pale penye shanga. Chini ya picha kaandika: "Mafundi wangu msinikasirikie. Gauni nimelilia kidogo. Achari nimeililia sana."

Tulikasirika, tusiseme uongo. Sisi ni ndugu wawili, tunashona nguo za harusi hapa Unguja, na doa la manjano lenye mafuta tunalijua tabia yake. Ukilitia sabuni ya mche linageuka jekundu, unazidi kuchanganyikiwa. Jua kali siku nyingi linalipausha, lakini huko alikokwenda jua lenyewe la kuazima. Tukamwambia hivyo, tukaweka simu.

Sasa pale kibarazani siku hiyo walikuwapo wateja, na habari ikasambaa kabla hatujaikunja. Mama mmoja mtu mzima akasema, "Kaolewa Ulaya, friji refu kuliko yeye, analilia achari! Huko ni kukosa shukrani." Wenzake wakacheka. Sisi tukainamia vitambaa vyetu, kwa sababu mteja ni mteja na mkubwa ni mkubwa. Lakini neno lile limetukaa, na leo tunalijibu, kwa heshima zote.

Si kukosa shukrani. Tunaanza na mtu ambaye hakuna anayeweza kumshutumu kwa kukosa shukrani. Waislamu walipohama Makka kwenda Madina, Sayyidna Bilal (Allah amridhie) alishikwa na homa. Tujiulize alikuwa anaicha nini Makka. Mji uliomtesa, uliomlaza juu ya mchanga wa moto kwa jiwe kifuani. Na kahamia kwenye uhuru, na ndugu, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Pamoja na hayo, imepokewa kutoka kwa Bi Aisha, katika Bukhari, kwamba homa ilipomwachia Bilal alipaza sauti akitamani alale usiku mmoja tu katika bonde la kwao, pembeni yake kuna idhkhiri na jalili. Hayo ni majani, jamani. Idhkhiri ni nyasi zenye harufu nzuri zinazoota jangwani. Katamani majani ya kwao, na maji ya kwao, na vilima vya kwao.

Mtume (S.A.W.) alipopata habari hakusema kwamba watu hawa hawana shukrani. Aliomba Allah awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, na aitie baraka pishi yao na kibaba chao. Pishi na kibaba! Vipimo vya jikoni. Sisi kila tukifika hapo tunasimama. Mtu anamkumbuka kwao, na dua anayoombewa imeingia mpaka kwenye chakula.

Basi mtoto wa kike wa miaka ishirini na mbili, aliyetolewa Kikwajuni akapelekwa mji ambao saa kumi jioni kumeshaingia kiza, akikumbuka embe mbichi yenye chumvi na pilipili, mwacheni alie. Hajamtukana mume wala hajakufuru neema.

Kuna upande wa pili, nao lazima tuuseme, maana tunawajua mabinti zetu. Kutamani cha kwenu ni kitu kimoja, kukitia ila cha wenzako ni kingine. Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia ila chakula kamwe, akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Na siku moja aliwauliza watu wa nyumbani kwake kitoweo, wakamwambia hatuna ila siki. Akaitaka ile siki, akala, huku akiisifu kuwa ni kitoweo kizuri. Kwa hiyo bi harusi, ukikaa kwenye sinia la mama mkwe usikunje uso, wala usiseme "kwetu wali hauwi hivi." Kula. Ukirudi chumbani kwako ndipo umpigie mama yako simu umuulize embe zimeshaanza.

Tunasema haya kwa uzoefu wa nyumbani kwetu. Dada yetu mkubwa aliolewa Muscat mwaka 2009. Watu wakatwambia, huyo hakwenda ugenini, kaenda kwao. Na kweli, familia aliyoingia asili yao ni hapa hapa Unguja, walihamia Oman baada ya 1970 kama wengi wengine, mama mkwe anazungumza Kiswahili cha mjini kuliko sisi, na nyumbani kwake mandazi na mishikaki ni vitu vya kawaida. Dada mwenyewe alikwenda amejiaminia. Wiki ya kwanza akaenda dukani kutafuta bizari ya pilau. Akasema "bizari", muuzaji akafurahi, akampa pakiti imeandikwa bizari. Kafika nyumbani kaunguza kitunguu, katia, pilau ikatoka rangi ya mchuzi. Kumbe bizari ya wenzetu ni mchanganyiko, ndani yake gilgilani, mdalasini, manjano, pilipili manga na mengine. Neno ni lile lile, limevuka bahari pamoja na majahazi, lakini kila upande umelipa kazi yake. Mama mkwe alikula ile pilau bila ya kusema kitu, Allah amlipe kheri.

Bizari ilipatikana baadaye kwa maduka ya Wahindi. Ukwaju upo, tena wa kila namna. Pilipili zipo. Kilichomshinda dada ni achari ya mbirimbi ya mama.

Asiyeijua mbirimbi, ni tunda refu kidogo, la kijani, mfano wa tango dogo, chachu mpaka masikio yanasogea. Kwetu lilikuwa uani. Mama alikuwa akilikata, analitia chumvi, analianika kwenye ungo juu ya bati siku mbili au tatu mpaka linyauke, halafu ndiyo pilipili, kitunguu thomu, tangawizi, siki na mafuta ya moto. Kila mwaka chupa mbili zilikwenda Muscat kwa mkono wa msafiri, moja kabla ya Ramadhani, moja baada ya Iddi kubwa. Dada alikuwa akiila kwa kijiko cha chai, ahesabu siku. Sisi tulikuwa tunamcheka. Akipiga simu kuulizia, tunamwambia, "Si ununue dukani? Huko hakuna achari?"

Mama alifariki mwaka 2018. Allah amrehemu. Muscat kwenye friji la dada ilikuwepo chupa moja imefika nusu. Hakuila. Akawa anaifungua tu, anainusa, anaifunga.

Halafu mwaka 2021 dada yupo Ruwi kwenye duka la Wafilipino, anatafuta kitu kingine kabisa, akaona kwenye barafu pakiti imeandikwa kamias. Akaitazama. Mbirimbi! Wafilipino wanaipikia samaki kama sisi, siku zote ilikuwa pale. Alitupigia simu dukani kwa sauti ambayo hatujaisikia tangu msiba. "Mbirimbi zipo huku. Haya nipeni kipimo cha mama."

Tukatazamana.

Hatukuwa nacho. Wasichana watatu tumezaliwa nyumba ile, tumekula achari ile miaka yote, na hakuna hata mmoja aliyekaa chini na mama akamtazama mwanzo mpaka mwisho. Mmoja alikuwa na mtihani wa kidato cha nne, mmoja yuko darasa la ushoni, mmoja anachumbiwa. Mama alikuwa anatuita tushike ungo tu. Kipimo chake alikuwa anasema "tieni mpaka mkono ukatae." Mkono umeshazikwa.

Tumejaribu mara nne. Ya kwanza iliota ukungu, hatukuianika vya kutosha. Ya pili tulizidisha uwatu ikawa chungu kama dawa. Ya tatu tunaona haya hata kuisema. Ya nne tulimpelekea dada kidogo, akatwambia, "Inaelekea. Haijafika."

Kwa hiyo tukisikia watu wanamcheka mwari anayelilia achari, sisi hatucheki tena. Na maneno yetu leo hasa ni kwa akina mama na kwa masomo, zaidi kuliko kwa mabinti. Tunawaona kila wiki. Bi harusi anakuja kupimwa nguo, anatuhadithia maandalizi yake. Kafanyiwa singo, katiwa hina, somo kamkalisha chini kamfundisha mambo yote ya ndani mengine mpaka sisi wenye ndoa tunainama. Nguo kumi na nne, udi, marashi, viatu vya kila rangi. Ukimuuliza, "Achari unajua kutengeneza?" anacheka. "Mama atanitumia." Mama atatuma mpaka lini? Tunamwandaa mtoto kumpendeza mume miaka arubaini, na hatumwachii hata kitu kimoja cha kumpoza yeye mwenyewe siku ambayo moyo umemlemea na mume yuko kazini.

Tena si jambo la siku nyingi. Jumamosi mbili zinatosha: moja ya kuanika, moja ya kusaga. Mama akipima kwa mkono, binti ashike kikombe, kila mama akitia, yeye apime kwanza aandike. Sasa kuna simu, mrekodi. Mama akikataa kurekodiwa, kama wanavyokataa wengi, rekodi mikono yake tu.

Akina baba na waume, nanyi mna lenu, dogo. Mke akikwambia anatamani pilipili ya kwao, usimwambie "zoea." Mtoe, nendeni mkazitafute. Walioko London wanatwambia kwenye masoko ya Wajamaica kuna pilipili inaitwa Scotch bonnet, ukiikata tu unajua hii na pilipili mbuzi yetu ni ndugu. Gharama yake ndogo, na mke atakumbuka nani alimpeleka.

Sasa kuhusu kubeba, kwa sababu mafundi tuna maslahi yetu hapa. Kwenye mkoba wa mkononi usitie, achari inahesabiwa kama kitu cha majimaji na kinachozidi mililita 100 viwanja vingi vitakunyang'anya. Ingia nayo kwenye begi la chini, chupa ya plastiki isiyojaa mpaka mdomoni, na begi hilo lisiwe la nguo za harusi. Lakini bora kuliko yote, beba kavu. Mbirimbi au embe iliyokwishaanikwa, pilipili kavu, bizari umezisaga mwenyewe, bonge la ukwaju. Siki na mafuta yapo dunia nzima, utamalizia huko. Chatne ya nazi usijisumbue, hiyo haifiki, jifunze tu kuitengeneza. Tena uulize sheria za unakokwenda: Uingereza nyama na maziwa kutoka huku haviingii, Falme za Kiarabu khashkhashi ni marufuku, na Saudia kungumanga nzima au ya unga peke yake hairuhusiwi. Tunajua wengine somo kawafungia kungumanga kwenye leso. Itoeni mapema, msije mkaulizwa uwanja wa ndege ni ya nini.

Yule bi harusi wetu wa Uingereza tumesharudi kuzungumza naye. Doa tumemwambia alipige pambo juu yake, tutamtumia maua ya lesi ya rangi ile ile ashonee. Ndani ya bahasha ya lesi tumemtia na karatasi ya achari ya embe, kipimo cha mama yake. Tulimfuata nyumbani kwake mama huyo, tukakaa naye jikoni asubuhi nzima na kikombe na daftari la vipimo vya nguo, kwa sababu ndilo tulilokuwa nalo. Kwa hivyo kipimo cha achari kimekaa katikati ya kifua 36 na urefu wa mkono 23.

Na dada anakuja mwezi wa saba, inshallah. Mbirimbi uani tumeshaziona zinatoa maua. Tutajaribu ya tano akiwepo mwenyewe, maana kati yetu sote ulimi wake ndio ulioikumbuka zaidi. Katwambia ile chupa nusu anakuja nayo.