Fidia ya Chanjo: Kamanda, Usisaini Kabla Hujaelewa

Wiki iliyopita kijiweni kwetu, Mtoni kwa Azizi Ali, kahawa ilipoa kwa ubishi. Jamaa mmoja alieleza kwamba dada yake alichanjwa chanjo ya UVIKO-19 mwaka 2021. Wiki mbili baadaye mguu ukavimba, akalazwa, na mpaka leo anachechemea na biashara yake ya vitenge imekufa. Anaamini ni chanjo. Afanyeje?

Wa kwanza akadakia: "Ishtakini serikali, mtalipwa mamilioni." Wa pili akamkatisha: "Si alisaini fomu mwenyewe? Hana chake huyo." Wa tatu akamaliza kwa sauti ya juu: "Mimi nilisema mapema, hiyo ilikuwa mipango ya kutumaliza."

Makamanda, wote watatu wamekosea. Na kwa kuwa ubishi huu upo kila kona, kuanzia Mtongani mpaka Tandika, tuuweke sawa hapa.

Tuanze na wa tatu, kwa sababu ndiye mwenye kelele nyingi. Sisi hatupingi chanjo. Wengi wetu tunasoma tahariri hii tukiwa na miguu miwili mizima kwa sababu mama zetu walitupeleka kliniki tukapewa matone ya polio. Lakini kuunga mkono chanjo si kudanganya kwamba haiwezi kumdhuru mtu hata mmoja. Chanjo ya Janssen, ambayo ndiyo iliyotangulia kuja kwetu, ilihusishwa na tatizo adimu la damu kuganda. Marekani, hadi Machi 2022, walikuwa wamethibitisha wagonjwa 60, tisa kati yao wakafariki, katika dozi zaidi ya milioni 18. Ni wachache sana. Lakini ni watu.

Tena tuwe wakweli upande wa pili pia: jambo kutokea baada ya chanjo si ushahidi kwamba chanjo ndiyo iliyolisababisha. Damu huganda miguuni kwa sababu nyingi. Yule dada anadai, na dai lake linastahili kuchunguzwa na madaktari, halafu apewe jibu. Mpaka leo hajachunguzwa wala hajajibiwa. Amebaki na maneno ya kijiweni tu.

Sasa wa pili, mzee wa "alisaini fomu". Ridhaa ya kuchanjwa ni ridhaa ya kuchanjwa, basi. Humruhusu mtu akuchanje kwa uzembe, na hutamki kwamba ukiumia usihudumiwe. Anayekutisha kwa ile fomu ama hajui au anataka ukae kimya.

Wa kwanza sasa, bingwa wa mamilioni. Kaka, mahakamani si Kariakoo, huingii tu na kuanza kupatana bei. Kwanza, Sheria ya Ukomo inakupa miaka mitatu kufungua madai ya aina hii. Aliyechanjwa Agosti 2021, hesabu ya kawaida ilimfungia mlango Agosti 2024. Pili, ukitaka kuishtaki serikali lazima utoe notisi ya siku 90 na umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tatu, na hapa ndipo wengi wanapokwama, lazima uthibitishe kwamba mtu fulani alifanya uzembe na kwamba uzembe huo ndio uliokuumiza. Sasa kama nesi alichoma vizuri, dawa ilitunzwa vizuri, na mwili wako ndio ukaipokea vibaya, uzembe ni wa nani? Huna wa kumshika. Umeumia kweli, na kesi huna.

Dunia iligundua tundu hilo zamani. Uingereza walitunga sheria yao mwaka 1979, na leo anayekubaliwa kwamba alipata ulemavu mkubwa kwa chanjo hulipwa pauni 120,000 bila kutafuta mchawi. Marekani walitunga yao mwaka 1986, na mfuko hulishwa na senti 75 zinazokatwa kwa kila ugonjwa ambao dozi inaukinga. Afrika Kusini walitoa kanuni za mfuko wao wa chanjo za UVIKO Aprili 2021. Msingi ni mmoja: aliyechanjwa amejikinga mwenyewe na amemkinga jirani yake. Akiumia kwa niaba ya wote, wote wambebe.

Na sisi? Shehena ya kwanza, dozi 1,058,400 za Janssen, ilitua Dar tarehe 24 Julai 2021 kupitia COVAX. Tarehe 28 Rais Samia akachanjwa Ikulu mbele ya kamera. Agosti Bunge likamsimamisha mbunge wa Kawe, Askofu Gwajima, aliyekuwa akiihubiria nchi dhidi ya chanjo. Nchi nzima ikagawanyika: unaamini au huamini? Swali la nani atamtunza atakayeumia likamezwa na kelele.

Jibu la swali hilo lilikuwepo, ila sijui mtaani kwetu nani alilisikia. Februari 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpango wa fidia kwa nchi 92 zenye kipato cha chini na cha kati zinazopata chanjo kupitia COVAX, na Tanzania imo. Maombi yalianza kupokelewa mtandaoni tarehe 31 Machi 2021, yakishughulikiwa na kampuni ya Marekani. Hukutakiwa kuthibitisha uzembe. Ulitakiwa kuonyesha, kwa vielelezo vya daktari, kwamba chanjo ya COVAX ilileta kifo au ulemavu wa kudumu. Jiulize: ulipopanga foleni kuchanjwa, kuna aliyekwambia habari hiyo? Tulichoambiwa ni kwamba kutakuwa na "maudhi madogomadogo". Maudhi yakiwa makubwa uende wapi, kimya.

Halafu kuna sharti ambalo kila kijana anatakiwa alielewe. Ukikubali malipo yale, unasaini kwamba madai yako yameisha kabisa, kikamilifu na moja kwa moja. Ukishachukua hela huendi tena mahakamani. Hatusemi ni ubaya. Kumaliza shauri kwa makubaliano mara nyingi ni bora kuliko kuzeeka ukifukuzia faili. Lakini angalia hesabu: msingi wa malipo ulikuwa pato la wastani la mtu mmoja nchini kwako kwa mwaka, mara 12. Kwetu wakati ule ni kama dola 1,100, kwa hiyo msingi ni dola 13,000 na kitu. Yaani umaskini wa nchi yako ndio unaopanga bei ya mguu wako. Mtu anaweza kuikubali hesabu hiyo, ni haki yake. Ila aikubali akiwa anaielewa, si akiwa amebanwa na deni la hospitali.

Zaidi ya hapo, nchi zilizopokea dozi zilitakiwa kuwapa watengenezaji kinga, kwamba wakidaiwa, serikali ndiyo itakayobeba mzigo. Maana yake kodi yako na yangu. Mkataba wa kinga hiyo nani aliuona?

COVAX yenyewe ilifungwa Desemba 2023. Lakini chanjo zinaendelea, na ziendelee. Aprili 2024 mabinti wa miaka 9 hadi 14 walichanjwa nchi nzima dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Watoto wetu wanachomwa ya surua na rubela kila siku. Akitokea mmoja akaumia, hatuna mfuko maalumu wa kumshika mkono. Na wasituambie hela hakuna. Kwa uwiano ule wa Marekani, dozi zetu milioni moja za mwanzo zingetoa wagonjwa watatu au wanne wa damu kuganda. Ongeza madhara mengine adimu, bado bei yake haifiki ya msafara mmoja wa mashangingi.

Wala si jambo geni kwetu. Tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa sheria ya mwaka 2008. Fundi akikatwa kidole kiwandani Chang'ombe haulizwi kama bosi alikuwa mzembe. Anaulizwa kama aliumia kazini. Tunataka hivyohivyo kwenye chanjo.

Madai yetu ni manne. Moja, itungwe sheria ya mfuko wa fidia ya madhara ya chanjo, kwa chanjo zote. Mbili, mikataba ya kinga kwa watengenezaji iwekwe mezani Bungeni. Tatu, makubaliano yoyote ya fidia yaandikwe kwa Kiswahili, mdai apewe muda wa kutafakari na mwanasheria wa bure, kama Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inavyokusudia. Nne, miaka mitatu ianze kuhesabiwa siku daktari alipobaini chanzo, siyo siku ya sindano.

Wakati tunapigania hayo, fanya haya leo. Tunza cheti cha chanjo, maana kina namba ya toleo la dawa. Omba nakala za vyeti vya hospitali na utunze risiti zote. Toa taarifa ya madhara kwenye kituo cha afya ili ifike TMDA. Na mtu akikuletea karatasi ya "tumalizane", soma, uliza, kalale nayo, ndipo usaini au ukatae.

Yule jamaa wa kijiweni tumemwambia hivyohivyo. Dada yake ana cheti, karatasi za hospitali ameanza kuzikusanya, na msaidizi wa kisheria ameombwa azipitie. Huenda atapata kitu, huenda asipate. Lakini hatakiwi kuwa peke yake, na wala nchi yenye akili isingemwacha ategemee kijiwe.

Mapambano yanaendelea. Chanja mwanao, na dai sheria.