Mkono wa Mnunuzi Haufiki Chini ya Fungu

Anayefika Katonga au Kibirizi asubuhi huona jambo ambalo wazee wetu hawakulijua. Kando ya chanja za kuanikia dagaa husimama kijana na simu mkononi, akiwaonyesha wateja walioko Dar es Salaam na Dodoma jinsi dagaa wanavyong'aa juani, huku akitaja bei ya kilo na namba ya kutumia fedha. Wanaolipa wengi wao hawajapata kuliona Ziwa Tanganyika kwa macho yao.

Sisi hatukilaumu chombo hicho. Kwa muda mrefu mama anayeanika dagaa alimtegemea mchuuzi mkubwa ampangie bei, kwa kuwa hakuwa na njia ya kumfikia mlaji. Leo video ya dakika moja yaweza kumfikisha, na hiyo ni neema. (Muziki unaowekwa nyuma ya video hizo ni suala jingine, nalo lina siku yake.)

Linalotushughulisha ni hili. Soko la Ujiji, tangu zama za misafara, chumvi ya Uvinza, mawese na samaki vilipokutana hapo, lilikuwa soko la mkono. Mnunuzi hutia mkono ndani ya fungu, akafikicha, akanusa, akaonja. Video haina mkono. Huonyesha juu ya fungu tu, na muuzaji ndiye achaguaye kipi kiwe juu.

Katika Sahihi Muslim imepokewa kwa Abu Huraira (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye fungu la nafaka, akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua iliyoinyeshea. Mtume (s.a.w.) hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akasema kuwa mwenye kughushi si wake.

Tazama basi hali ya hapa kwetu. Msimu wa mvua dagaa hawakauki vizuri, nao wakiwa na maji huwa wazito, kwa hiyo auzaye kwa kilo huuza maji kwa bei ya samaki. Wakishafungwa mfukoni na kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam, hufika wamefanya ukungu. Wako walioanikwa chini, nao hubeba mchanga. Video ikaonyesha wale wa chanjani. Wako wa Ziwa Victoria, ambao bei yao ni ya chini, wakichanganywa na kuitwa wa Kigoma. Katika kioo cha simu wote wanang'aa sawasawa.

Aidha, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana. Kuuza dagaa waliohifadhiwa kabla ya hapo ni halali kabisa. Lakini mtu anayerusha video katika miezi ya namna hiyo, mitumbwi ikishusha mzigo, naye akisema wametoka ziwani alfajiri ya leo, anauza uongo pamoja na kitoweo.

Huenda mtu akadhani sharia haikuwaza biashara ya wasioonana. Iliwaza. Watu wa Madina walikuwa wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla ya kuvunwa, na Mtume (s.a.w.) hakuwakataza, bali aliwataka kipimo, uzito na muda vijulikane. Mafakihi wakajadili kwa kina uuzaji wa kitu kisichoonekana: Mahanafi wakampa mnunuzi khiyari ya kukataa atakapokiona, na Mashafii, ambao ndio wengi katika miji yetu, wakawa wakali zaidi. Itakuwaje basi sisi tutosheke na picha nzuri?

Anayedhurika si mnunuzi peke yake. Yule mama wa Katonga aliyegeuza dagaa wake chanjani kutwa nzima, akapepeta na kuchambua, hupoteza mteja kwa kosa la mtu asiyemjua, maana aliyetapeliwa mara moja hasemi fulani ni mwongo. Husema watu wa Kigoma ni waongo.

Tunawaomba vijana wetu wauzao kwa simu watie mkono wao wenyewe mpaka chini ya fungu, kamera ikiona, na kile kilichomo kiganjani wakionyeshe. Waseme dagaa wameanikwa wapi na lini, chanjani au mchangani. Wapatane na mnunuzi, kabla hajatuma fedha, nani atabeba hasara mzigo ukifika tofauti. Na video iliyopigwa Aprili isirushwe Julai.