Acheni Kudharau Vigari Vyepesi vya Mfaransa

Mitihani iko mlangoni lakini leo kitabu hakipandi. Jana usiku tumebishana magari mpaka chumba cha jirani wakagonga ukuta. Mshkaji mmoja, tena anasoma uinjinia, katoa hukumu: gari lisilo na V8 ni toroli, na Mfaransa anajua manukato tu, gari la spoti hajui. Jamani, usingizi ulikata!

Haya sikilizeni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Ufaransa ilizibana injini kubwa kwa kodi. Wakongwe kama Delahaye na Talbot hawakuimaliza miaka ya 50. Sasa Jean Rédélé, muuza magari ya Renault pale Dieppe, akakaa kulia? Wapi! Alichukua mitambo ya 4CV, gari la familia lenye injini isiyofika cc 750, akaivalisha bodi ya faiba, kama boti. Mwaka 1955 ikazaliwa Alpine.

Fizikia yenyewe ni ya sekondari. Nguvu ni ileile, ukipunguza uzito gari linachanganya haraka. Tena breki zinapata nafuu, na kwenye kona tairi hazibebi mzigo wa bure. V8 inakusaidia pa kukanyaga mafuta tu.

Alpine A110 ya mwaka 1962 ilikuja kuwa na kilo 700 hivi. Monte Carlo 1973 ikachukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu! Mwaka huohuo ubingwa wa dunia wa rali ulianza, Alpine wakabeba rali 6 kati ya 13 na kombe juu. Mtasema kigari cha faiba kitapasuka kwenye mawe. Mbona walishinda Morocco na Ugiriki? Safari Rally nakubali, mwaka ule ilikwenda kwa Shekhar Mehta na Datsun 240Z.

Kinachoniuma hasa si magari. Ni sisi, mainjinia watarajiwa, kuamini kwamba bila kitu kikubwa cha bei mbaya hakuna la maana linalofanyika. Rédélé alianza na kilichokuwepo gereji. Nasi tukitoka hapa chuoni hakuna atakayetukabidhi V8, wadau. Tutakabidhiwa 4CV, halafu tuulizwe tumefanya nini nayo.

Nawakilisha. Mwenye hoja aje nayo, ila V8 aiache nje.