Rimu ya Pikapu Ichaguliwe kwa Namba, Si kwa Macho

Bwana mkulima, nawe mama mkulima, mwezi huu nataka tuzungumze habari ya gurudumu. Labda utauliza, gurudumu lahusu nini katika gazeti la ukulima? Jibu ni kwamba viazi havitoki Kinangop kwa miguu yao, wala maziwa hayafiki kwenye mtambo pasipo gari. Katika skimu nyingi leo pikapu ni chombo cha ukulima kama lilivyo jembe, na mara nyingi ndicho chombo cha bei kubwa kuliko vyote vya mwenye shamba. Pengine si mali ya mtu mmoja, bali ni ya watu kumi waliochanga fedha zao. Kwa hiyo mambo yake ni mambo yetu.

Imeingia desturi ya kuzitoa rimu zilizokuja na gari na kutia nyingine pana, zenye kuchomoza nje ya madigadi. Vijana wetu huzisifu sana, na hakika gari husimama kwa maringo. Lakini wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Maoni yangu ni kwamba pikapu ya kazi haifai kuvishwa rimu kwa kufuata macho, na mtu anayefanya hivyo anakopa fedha ambazo beringi zitakuja kuzidai.

Kwanza tufahamu jambo lenyewe. Ndani ya rimu kuna uso wa chuma unaokaa juu ya habu na kufungwa kwa nati. Chukua mstari unaopita katikati ya upana wa rimu. Umbali kati ya mstari huo na uso ule ndio mafundi huuita ofuseti, nao hupimwa kwa milimita. Uso ukiwa upande wa nje wa mstari, ofuseti ni ya kuongeza, na gurudumu huingia ndani ya gari. Uso ukiwa upande wa ndani, ofuseti ni ya kutoa, na gurudumu hutokeza nje. Ukiwa katikati kabisa, ofuseti ni sufuri.

Basi kwa nini milimita chache ziwe na maana? Beba debe la maji ukilikumbatia kifuani, kisha ulibebe mkono ukiwa umenyooshwa. Maji ni yale yale, lakini bega lako litajua tofauti. Hivyo ndivyo ilivyo kwa beringi. Pikapu iliyopakia magunia 20 ya viazi, ya kilo 50 kila moja, imebeba tani moja, na kila gurudumu la nyuma huchukua zaidi ya kilo 700, ukihesabu na uzito wa gari lenyewe. Waliotengeneza gari walipanga mzigo huo uangukie mahali ambapo beringi zaweza kuustahimili. Ukilisogeza gurudumu nje, umeunyosha mkono, na kila shimo la barabara laupiga mkono huo.

Kwa magurudumu ya mbele hasara ni mbili. Tairi hutoka mahali pake karibu na mhimili wa kugeuzia, na kwa hiyo kila jiwe huuvuta usukani mikononi mwa dereva. Tena, gurudumu moja likishika matope na lingine likishika lami wakati wa kufunga breki, gari huvuta upande kwa nguvu zaidi. Wewe unayeshuka mtelemko wa Mai Mahiu na mzigo mgongoni, fikiri sana juu ya jambo hili.

Na tuchukue mfano wa hesabu. Hilux iliyotoka tangu mwaka 2005, yenye rimu za inchi 17, huwa na rimu za upana wa inchi 7 na nusu na ofuseti ya 30. Mtu akitia rimu ya inchi 9 yenye ofuseti sufuri, nusu ya upana ulioongezeka ni milimita 19, na ofuseti iliyopotea ni 30. Jumla ni 49. Yaani kila gurudumu limetoka nje karibu sentimita 5, na gari limepanuka karibu sentimita 10. Ukipakia, madigadi hushuka na kuula mpira wa tairi, na matope yote hurukia ubavuni.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Ofuseti ikizidi, gurudumu huingia ndani mno, na tairi huweza kusugua vyuma vya chini usukani unapokatwa hadi mwisho, au rimu ikagusa breki.

Wako watakaonipinga na kusema kwamba gari pana halipinduki upesi. Ni kweli kwamba upana huongeza uimara kidogo, nami siwabishii. Lakini ukitaka pikapu isipinduke, dawa ya kwanza ni kupunguza mzigo, kuupanga chini, na kwenda polepole kwenye kona. Dawa hizo hazina bei. Wengine husema, “Nati zimeingia sawasawa, basi rimu inafaa.” Hilo halitoshi. Hilux hiyo ina mashimo 6 katika duara la milimita 139.7, na magari mengi ya makampuni mengine yana duara hilo hilo, lakini ofuseti zao hazilingani, wala tundu la katikati si lazima likae vema juu ya habu.

Na wale wanaotia kipande cha chuma kati ya habu na rimu wasidhani wamepata njia nyingine. Kipande cha milimita 30 huifanya ofuseti ya 30 kuwa sufuri. Ni mkono ule ule ulionyoshwa.

Basi ufanye nini unapokwenda kununua?

1. Soma rimu uliyo nayo kabla ya kuiuza. Mara nyingi namba hupigwa nyuma yake, baada ya herufi ET au alama ya kuongeza. Iandike, pamoja na upana.

2. Kama namba haionekani, ilaze rimu uso wa nje ukiwa chini. Weka ubao ulionyoka juu ya ukingo wake, na upime kutoka ubao hadi uso unaokaa kwenye habu. Kisha pima upana wote, ukingo hadi ukingo, na ugawanye kwa mbili. Toa hesabu ya pili katika ya kwanza. Ukipata 138 na 108, ofuseti ni 30.

3. Nunua rimu yenye namba ile ile au iliyo karibu sana. Muuzaji asiyejua namba ya mali yake, mwachie mali yake.

4. Angalia pia uzito ambao rimu na tairi vimeruhusiwa kubeba.

5. Baada ya kufunga, zungusha usukani pande zote mbili, kwanza gari likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo. Ukiisha kwenda kama kilomita 80, kaza nati tena.

Nanyi mnaomiliki pikapu kwa ushirika, liandikeni jambo hili katika kitabu cha mkutano: rimu zisibadilishwe kwa hiari ya dereva peke yake. Dereva atasifiwa sokoni kwa siku moja, lakini beringi ikivunjika usiku njiani, maziwa yatakayoharibika ni ya watu wote, na roho itakayokuwa hatarini ni yake yeye. Fedha za rimu za maringo zingetosha kununua mbolea. Shamba litakusifu muda mrefu kuliko watu wa sokoni.