Waya wa Plagi Mbili

Likizo iliyopita nilikuwa Bariadi, mtaa wa Somanda, umeme ukakatika jioni. Baba mdogo akatoa kabatini waya wake maarufu, wenye plagi kila upande. Plagi moja kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya sebuleni, nyumba nzima ikawaka. Majirani wakaleta simu kuchaji.

Kabla ya kuunganisha alizima swichi kubwa ya ukutani, lazima niseme ukweli. Tatizo lilikuja kama saa tatu. Mdogo wangu alitaka kujua kama umeme umerudi, akaipandisha. Nyumba ya pili ikamulika, watoto wakashangilia, "Umerudiii!" Sekunde chache baadaye jenereta ikazidiwa, ikazima.

Jamani, haukuwa umerudi. Ule ulikuwa umeme wa baba mdogo, uko kwenye nyaya za mtaa.

Kidato cha nne sote tulikokotoa transfoma, tena kwa kukariri. Mimi ninayesomea ualimu naona hapa tulinyimwa kitu: transfoma haichagui upande. Ile inayoshusha volti 11,000 au 33,000 kuwa umeme wa nyumbani, ukiilisha volti 230 kinyumenyume inazipandisha kuwa maelfu, kwenye laini ambayo fundi wa TANESCO ameipanda akijua imezimwa. Wana utaratibu wa kupima kabla ya kugusa, sawa. Ila jenereta inaweza kuwashwa dakika moja baada ya kupima.

Kuna wanaobisha kwamba jenereta ndogo haifiki mbali, itazidiwa tu kama ilivyotokea kwetu. Inazidiwa mtaa mzima ukiwa umeunganishwa. Waya ukiwa umekatikia nguzo ya jirani, nani ataizidi? Na hizo volti 230 zenyewe zinaua bila msaada wa transfoma. Hata plagi ikichomoka soketini jenereta ikiwa inaunguruma, vyuma vyake vina umeme, na mtoto yupo sakafuni.

Ndiyo maana sikubaliani na "mimi huwa nakumbuka kuzima." Anayekumbuka ni mmoja, nyumba ina watu saba. Swichi ya chenjiova haihitaji kumbukumbu ya mtu: mkono wake ukiwa TANESCO hauwezi kuwa jenereta. Ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, ikate laini na nyutro zote mbili. Kama hela hakuna, chukua ekstensheni moja kwa moja kutoka kwenye jenereta hadi kwenye friji na taa, bila kugusa soketi ya ukutani. Jenereta yenyewe ikae nje, mbali na madirisha, moshi wake nao unaua.

Baba mdogo alilalamikia bei ya chenjiova wiki nzima, bado hajanunua. Kwa sasa anatumia ekstensheni, sebule ina taa moja tu, na mama mdogo ananilaumu mimi. Ule waya niliukata vipande kwa plaizi kabla sijapanda basi.